Mabwawa ya majitaka Nyanda za Juu Kusini: dalili za hitilafu na pa kuanzia kutafuta

Haya yameandikwa kwa ajili ya mhudumu wa mabwawa, fundi wa mtandao wa majitaka, na yeyote aliyekabidhiwa mabwawa ya shule ya bweni, chuo au hospitali huku kwetu juu, kuanzia Iringa hadi Mbeya. Dalili zenyewe ni zile zile zinazorudi kila mwaka: chemba inafurika, bwawa linanuka, maji yamegeuka rangi, sampuli imefeli, mto umechafuka na watu wanakutazama wewe.

Kabla ya kugusa chochote, shika jambo moja: tafuta kuanzia juu, ukishuka na maji. Asilimia kubwa ya kinacholalamikiwa bwawani kimeanzia kwenye chemba, kwenye paa la mtu, au kwenye gari lililomwaga usiku. Anayeanza kwa kumwaga dawa bwawani anapoteza hela, na mara nyingi anaua vijidudu wanaomfanyia kazi.

Jambo la pili ni baridi. Bwawa la kijani hufanya kazi kwa jua na joto. Kwa kanuni wanazotumia wahandisi, hekta moja ya bwawa hilo hubeba takriban kilo 350 za uchafu unaooza kwa siku hewa ikiwa na wastani wa nyuzi 25. Kwenye nyuzi 20 hubeba kama 250, na kwenye nyuzi 15 haifiki 170. Ndiyo maana hesabu hupigwa kwa wastani wa joto la mwezi wa baridi kuliko yote. Bwawa lililonakiliwa kutoka kwenye mchoro wa Dar es Salaam likiletwa Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, litazidiwa kila Juni na Julai hata kama mji haujaongezeka mtu mmoja.

Humu nitasema bwawa la kwanza (lenye kina cha mita 2 hadi 5, jeusi, halina oksijeni), bwawa la pili (kina cha kama mita moja na nusu, la kijani) na mabwawa ya mwisho (ya kuua vijidudu vya maradhi). Kama yako yana majina mengine, tafsiri mwenyewe.

Chemba inafurika mtaani

Kwanza uliza: imefurika jua likiwaka au baada ya mvua? Jibu hilo peke yake linakupa nusu ya kazi.

*Jua linawaka.* Hapo ni kizuizi. Kwa mpangilio wa kinachokutwa mara nyingi: mafuta ya kupikia yaliyoganda, pedi na nepi, mchanga wa kusugulia masufuria, matambara, na mwisho mizizi ya miti. Mafuta ni shida ya huku zaidi kuliko pwani, kwa sababu mafuta ya migahawa yanayoteremka bombani yakiwa ya moto huganda kabla hayajafika mbali. Asubuhi ya Julai utayakuta yameshika kuta za bomba, meupe na magumu kama sabuni ya mche.

Ukaguzi wake ni rahisi. Fungua mfuniko wa chemba iliyojaa, kisha ya chini yake. Ya chini ikiwa kavu au ina mchirizi tu, kizuizi kiko katikati ya hizo mbili. Ikiwa nayo imejaa, shuka tena mpaka uikute kavu. Zibua kwa fito ukiwa umesimama juu, na kabla hujaanza weka reki au wavu kwenye chemba ya chini unase kinachotoka. Usipofanya hivyo umekihamishia mtaa wa pili, na kesho utaitwa huko.

Ikiziba mahali pale pale mara kwa mara, acha kulaumu watumiaji. Pengine bomba limetitia na kutengeneza tumbo, au mkaratusi wa jirani umeingiza mizizi kwenye maungio. Hapo fito hazisaidii. Linahitajika gari la presha, na baadaye kufukua.

*Mvua imenyesha.* Kisababishi cha kwanza ni maji ya paa na ya uani yaliyounganishwa kwenye bomba la majitaka. Mazungumzo huwa hivi:

"Mzee, shikamoo. Hili bomba la paani linaishia wapi?"

"Marahaba. Linashuka chini, kijana."

"Chini wapi, mzee?"

"Si chini huko, kwenye chemba yenu."

Hana nia mbaya. Fundi wake alitafuta njia ya karibu. Lakini nyumba kumi za namna hiyo kwenye mtaa wenye mteremko, na mvua ya Januari, zinatosha kuinua mifuniko. Cha pili ni mifuniko iliyoibwa kwa ajili ya vyuma chakavu: chemba iliyo wazi pembeni mwa barabara hupokea mfereji mzima, mchanga na vyote. Cha tatu ni maji ya ardhini yanayopenya kwenye maungio yaliyopasuka.

Kutofautisha cha kwanza na cha tatu, tazama muda. Maji yakipanda ndani ya saa moja ya mvua na kushuka inapokatika, ni mapaa. Yakibaki juu siku kadhaa baada ya mvua, ni ardhini. Nenda saa tisa usiku, watu wamelala, utazame kwenye chemba ya mwisho kabla ya mabwawa: kama bado kuna mkondo mnene na maji ni meupe, unasafirisha maji ya kijito.

Simama hapa. Usiingie ndani ya chemba, hata ya mita moja na nusu, hata kwa dakika moja kuokota kifaa kilichodondoka. Gesi ya mayai viza ni nzito kuliko hewa, hulala chini. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua huacha kuinusa, kwa hiyo kusema "harufu imeisha" si dalili ya usalama. Ikizidi 500 mtu huanguka. Mwenzako akianguka ndani usimfuate, maana anayefuata kuokoa naye hubaki huko huko. Piga Zimamoto, 114. Kazi ya kuingia ni ya kikosi chenye kipima gesi, mtungi wa hewa, mkanda, na mtu wa juu anayeshika kamba.

Bwawa linanuka hadi majirani wanalalamika

Bwawa la kwanza lina harufu yake, hilo tukubaliane. Shida ni inapovuka uzio, au inapotoka kwenye bwawa la pili. Anza na haya:

Zunguka bwawa la pili ukitazama kona upande upepo unakoelekea. Utando, majani yaliyooza na mwani uliokufa hujikusanya hapo, na mara nyingi hiyo ndiyo harufu yote. Ondoa kwa wavu wenye mpini mrefu, zika. Lakini utando wa bwawa la kwanza uache: unatunza joto na kufunika harufu. Ukivutia inzi, unyunyizie maji yaliyokwisha safishwa.

Kisha kagua kama majitaka yanagawanyika sawa. Panapokuwa na mabwawa mawili sambamba, tofali moja likihama kwenye kisanduku cha kugawia, bwawa moja linapokea karibu yote na jingine linapumzika. Hili husahaulika kuliko yote na kurekebisha ni kazi ya dakika tano.

Tope kujaa ndiyo kisababishi kikubwa cha mabwawa ya zamani. Bwawa la kwanza hutolewa tope likifika theluthi ya ujazo wake. Kupima hakuhitaji mashine: tafuta mti mwembamba ulionyooka, mrefu kuliko kina, uuviringishie kitambaa cheupe cha taulo kuanzia ncha ya chini hadi juu ya theluthi, ufunge kwa kamba imara. Mkiwa wawili kwenye mtumbwi na majaketi okozi, shusha mti wima, taratibu, mpaka uguse sakafu. Tulia kidogo, kisha uvute juu bila kuuyumbisha. Maji yatachuruzika, tope litabaki limeng'ang'ania nyuzi za taulo, na utaona mstari kabisa: chini nyeusi tititi, juu kijivu chepesi. Pima urefu wa nyeusi. Rudia sehemu nyingi, hasa karibu na maji yanapoingilia, kwa maana tope halilali sawa. Kadirio la kawaida ni lita 30 hadi 40 za tope kwa kila mtu kwa mwaka, kwa hiyo ukijua idadi ya waliounganishwa unaweza kupanga bajeti mapema badala ya kuomba fedha za dharura.

Baadaye ndipo ushuku mizigo ya ghafla. Magari ya kunyonya vyoo hubeba uchafu mzito mara nyingi zaidi ya majitaka ya bombani. Matatu yakimwaga kwa mpigo, tena kwenye bwawa la pili kwa sababu barabara yake ni nzuri, bwawa litakaa wiki linanuka. Yapokelewe kwenye bwawa la kwanza au kwenye vitanda vya tope (sakafu za kukaushia tope), mchana, moja moja, na dereva asaini daftari. Angalia pia damu ya machinjio, na machicha ya pombe. Ukiingia vilabu vya komoni au kimpumu utaelewana na mama muuzaji bila ugomvi: "Dada, machicha mpe mfuga nguruwe, yatakulipa." Wengi hawajui tu kwamba kuna mnunuzi.

Tiba ya kina, baada ya chanzo kuzuiwa: rudisha kwa pampu sehemu ya maji ya bwawa la mwisho yaingie mwanzoni mwa bwawa la pili, yabebe mwani na oksijeni. Chokaa bwawani hupunguza harufu kwa kupandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji), ila ni ya kupunguza makali tu, na ipimwe na mtu wa maabara. Usimwage klorini.

Rangi imegeuka

Bwawa la pili lililo zima ni kijani kilichokolea. Tazama mchana, si alfajiri.

*Waridi au zambarau.* Hiyo ni bakteria wa salfa, wanaostawi mahali oksijeni imekwisha na gesi ya mayai viza imejaa. Bwawa limezidiwa. Cha ajabu ni kwamba wanakusaidia, kwa sababu wanaila hiyo gesi. Usihangaike kuwaua, punguza mzigo.

*Kijivu au jeusi.* Hatua mbaya zaidi ya hiyo hiyo. Rudi kwenye sehemu ya harufu. Kama imetokea Juni au Julai na hakuna kilichobadilika juu, shuku baridi: fungua bwawa la akiba kama lipo, na uzuie magari ya vyoo mpaka Septemba.

*Kijani cha buluu, kama rangi iliyomwagika juu.* Mwani mbaya, na baadhi yake una sumu. Zuia mifugo isinywe.

*Maji meupe, angavu.* Watu hufurahi, wanadhani ndiyo usafi. Pengine wadudu wadogo wa majini wamekula mwani wote, na oksijeni itashuka. Mara nyingi hali hurudi yenyewe. Lakini kama mwani umetoweka ghafla bila hao wadudu kuonekana, shuku sumu: rangi za viwandani, dawa za mashambani, mafuta ya gereji. Chukua sampuli siku hiyo hiyo na umpigie msimamizi wako. Kutafuta sumu si kazi ya mhudumu.

Sampuli imefeli

Viwango vya Tanzania vya majitaka yanayotoka: BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu) isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuteketeza uchafu kwa kemikali) 60, chembechembe zinazoelea 100, pH kati ya 6.5 na 8.5, na bakteria jamii ya koliformu wasizidi 10,000 katika mililita 100. Karatasi ikirudi na alama nyekundu, usikimbilie kuchimba bwawa jipya.

Kilichofelisha mara nyingi ni mwani wenyewe. Maji ya kijani yakipimwa BOD bila kuchujwa, sehemu kubwa ya kinachosomeka ni mwani, wala si kinyesi. Ulaya, sheria yao ya 1991 inaruhusu sampuli za mabwawa zichujwe kwanza. Kwetu kiwango ni kile kile, kwa hiyo omba maabara ipime zote mbili, iliyochujwa na isiyochujwa. Iliyochujwa ikiwa safi na isiyochujwa ikifeli, tatizo ni mwani unaotoka: shusha mdomo wa bomba la kutokea wa bwawa la pili uwe kama sentimita 60 chini ya uso wa maji, weka na kizuizi cha utando. pH nayo ikisoma zaidi ya 9 saa nane mchana si ajabu, ni mwani unafanya kazi, na ndiyo inayoua bakteria. Ipime pia asubuhi.

Zote mbili zikifeli, na hasa bakteria wakizidi, shuku maji kukatiza. Bwawa limechorwa maji yakae siku kumi, lakini yanapita upande mmoja na kutoka kesho yake. Kipimo cha haraka ni machungwa. Alfajiri, kabla ya upepo wa Iringa kuamka, tupa machungwa kadhaa yanapoingilia maji. Machungwa huelea yakiwa yamezama karibu yote, hivyo hufuata mkondo kuliko upepo. Yakifika kwenye tokeo (mahali maji yanapotokea) kabla ya chakula cha mchana, jibu umepata. Suluhisho ni kuta za kupindisha maji, hata za nguzo na plastiki nzito, au kuhamishia tokeo kwenye kona ya mkabala. Kisiwa cha tope katikati kinafanya kosa hilo hilo, kwanza kiondoe.

Maji yamepungua bwawani

Kiangazi cha Septemba na Oktoba mvuke ni mwingi, hasa waliounganishwa wakiwa wachache kuliko waliokusudiwa. Tazama chini ya tuta kwa nje: majani yakiwa mabichi mahali pamoja wakati kwingine kumekauka, panavuja. Tafuta mashimo ya panya na mizizi. Kuvuja kwa maji meupe kidogo unaweza kusubiri mhandisi wiki hii. Kuvuja kwa maji yenye matope maana yake tuta linamomonyoka kwa ndani: punguza kina mara moja, ondoa watu walio chini, piga simu.

Mbu na inzi

Kata majani yanayogusa maji, ondoa magugu yanayoelea. Mbu huzaliana kwenye majani ya ukingoni kuliko katikati. Basi. Ila anayefyeka kwenye bwawa lililotandikwa plastiki avae jaketi okozi na awe na mwenzake mwenye kamba, kwa sababu plastiki yenye utelezi haikuachii kupanda.

Mto umechafuka na vidole vinaelekezwa kwako

Hapa ndipo haraka inahitajika, kwa sababu maji ya huku yana safari ndefu. Ya Iringa yanaingia Ruaha Mdogo, ambako pia ndiko mji unakochota maji ya kunywa, kisha Ruaha Mkuu, bwawa la Mtera, Kidatu, hadi Rufiji. Ya Mbeya mjini yanashukia mto Songwe (ule wa Rukwa, si wa mpaka na Malawi), na Ziwa Rukwa halina mto unaotoka: kinachoingia kinabaki humo. Katikati kuna watu na vinyungu (bustani za bondeni) vyao vya mchicha na chainizi, wanaomwagilia kwa ndoo kutoka mtoni.

Chukua maji sehemu tatu: juu ya tokeo lako, kwenye tokeo, na chini yake mahali maji yamekwisha changanyika. Ukichukua ya chini tu huna ushahidi wa lolote. Mto ukiwa mchafu tayari kule juu, chanzo si wewe, na hivi ndivyo inavyokuwa mara nyingi.

*Povu jingi:* ufuaji na uoshaji magari mtoni kwanza, kisha viwanda. Povu la kahawia linalokatika haraka baada ya mvua za kwanza ni la majani yaliyooza, la kawaida.

*Kijivu na nyuzinyuzi kama pamba chafu kwenye mawe:* majitaka mabichi yanaingia kwa muda sasa. Tembea ukingo mzima kati ya sehemu safi na chafu. Utakuta bomba lililopasuka kwenye kivuko, chemba inayofurikia kichakani, au mahali matairi ya lori yamezoea kurudi nyuma.

*Samaki wanaelea:* wakiwa wamekufa alfajiri, wakubwa kwanza, oksijeni imeisha. Wakiwa wamekufa saa yoyote, wakubwa kwa wadogo pamoja na kaa, shuku sumu. Usiguse, na mtu asiwaokote kwenda kukaanga.

Kwa hali hii ya mwisho na kwa majitaka mabichi yanayofika mtoni, acha uchunguzi wako. Taarifu mamlaka ya maji ya mji kwanza, ili anayevuta maji ya kunywa chini yako afunge. Kisha bodi ya maji ya bonde (Rufiji ina ofisi Iringa, Ziwa Rukwa ina ofisi Mbeya), NEMC (taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira), na afisa afya wa kata, ambaye ndiye atakayewafikia watu wa vinyungu. Wasimwagilie mboga zinazoliwa mbichi: hata maji yaliyosafishwa, kwa mboga hizo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 ulitaka bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100 na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita, na maji yanayotimiza kiwango chetu cha kutoka bwawani bado yanaweza kuvuka hapo.

Chupa za bakteria ziwe zimeuliwa vijidudu vyote, usisuuze, usiguse mdomo wake kwa ndani. Ziwekwe kwenye boksi la barafu na zifike maabara ndani ya saa 6. Chupa ya BOD ijae mpaka juu bila hewa, gizani, baridi. Andika kwenye chupa, si kwenye mfuniko, kwa sababu mifuniko hubadilishana: mahali, tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha usiku.